Laini iliyolala kwenye kopo

Mteja wangu wa Kahama si mtu wa kupiga simu. Yeye hurekodi sauti dakika mbili nzima, anasalimia ukoo wote, halafu mwisho kabisa ndiyo anataja magunia. Kwa hiyo alipopiga asubuhi ile, mimi niko mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nasubiri mitumbwi iliyolala ziwani iingie, nikajua kuna jambo.

"Shikamoo Mama Dagaa. Hivi umeacha biashara?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe! Nimetuma oda jana, nimejibiwa samahani umekosea namba."

Nikacheka. Akanisomea namba, tarakimu moja moja, na kicheko kikaniishia mdomoni. Ilikuwa namba yangu, ile ya wateja wa jumla wa mikoani. Ilikuwa Novemba 2024, ziwa limeshafunguliwa kwa uvuvi na dagaa wanatoka vizuri, yaani muda mbaya kuliko yote wa kupotea hewani.

Nilivyofika nyumbani nikakuta simu ya pili iko pale pale juu ya kabati kwenye chaja, imejaa asilimia mia. Kwenye WhatsApp kulikuwa na ujumbe mmoja tu: namba hii haijasajiliwa tena kwenye simu hii, huenda imesajiliwa kwenye simu nyingine. Nikajua nimeibiwa. Nilikuwa nimekosea, na ilinichukua nusu siku kuelewa kwamba hakuna mtu aliyeniibia chochote.

Ngoja nieleze nilivyokuwa nafanya kazi. Nauza dagaa na mawese, na wakati ule nilikuwa na akaunti tatu za WhatsApp. Moja ya nyumbani: ndugu, kikoba, kamati za harusi. Ya pili ya dagaa wa jumla, Kahama, Shinyanga, Dodoma, Dar es Salaam. Ya tatu ya mawese pamoja na wateja wa ng'ambo, Bujumbura na Uvira. Sikuzitenganisha kwa ufahari. Mteja wa Bujumbura anakuuliza "mama, ndagala bei gani?" huku anapiga hesabu ya faranga, na wa Kahama anahesabu gunia na nauli ya lori. Ukiwachanganya siku moja utampa huyu bei ya yule, na bei ukishaitaja huwezi kuimeza tena. Kabla sijatenganisha niliwahi kutuma sauti ya ugomvi wa mchango wa harusi kwa mzee mmoja wa Uvira. Akanijibu kwa upole kwamba anamwombea bi harusi.

Laini ya dagaa ndiyo yenye historia. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho ukiwa tarehe 20 Januari 2020, mimi sikuwa bado na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mtoto wa dada yangu alikuwa nayo, akaweka kidole chake. Tukasema tutabadilisha baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo hii.

Halafu ile simu ya pili ikaharibika tundu moja la laini. Lililobaki nikaweka laini yenye vifurushi vya bei nafuu, na laini ya dagaa nikaitoa nikaitia kwenye kopo la Blue Band pamoja na vifungo na sindano. WhatsApp haikushtuka hata kidogo. Ikishasajiliwa haikuulizi laini iko wapi, inataka intaneti tu. Oda zinaingia, sauti zinaingia, mimi nikaona nimepata ujanja.

Ujanja huo ukakutana na mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvuliwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hiyo mimi nilikuwa mtu wa mawese. Laini ya dagaa haikuwekwa vocha, haikupiga, haikupokea, na tangu mwanzo wa mwaka ilikuwa haijaguswa. Mitandao yetu ya simu laini ikikaa kimya muda mrefu huifunga, na baadaye namba huuzwa tena kwa mtu mwingine kama namba mpya. Kila mtandao una muda wake. Mimi niliona WhatsApp inapumua nikadhani na laini inapumua. Kumbe hivyo ni viumbe viwili, kila kimoja na pumzi yake.

Nilienda kwenye duka la mtandao kuomba laini irudishwe. Dada wa pale akaangalia, akaniambia namba ina mmiliki. Na hata ingekuwa haina, angeirudisha kwa aliyeisajili, ambaye si mimi. Sikuwa na la kumlaumu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa, nikaipiga namba yangu mwenyewe.

Ikapokelewa na kijana. Mwanafunzi wa chuo, Morogoro.

"Shikamoo mama. Ndiyo wewe mwenye dagaa?"

Jamani. Kumbe mwenzangu alikuwa na wiki ya mateso. Amenunua laini, amesajili WhatsApp, tarakimu sita za uthibitisho zimekuja kwake kihalali kabisa kwa sababu laini ni yake. Kufumba na kufumbua yumo kwenye kundi la watu tisini na kitu, yeye ndiye admini, watu wanamuuliza gunia shilingi ngapi. Ujumbe wa zamani hauoni, anaona mpya tu. Mmoja amemwandikia "nitume hela kwenye namba ile ile?" na kijana akaona hawa ni wale matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Alikuwa ameshaandaa kuripoti kwenye 15040, namba ya kuripotia matapeli. Mteja mwingine alimwona yeye ndiye mwizi, akamtumia aya ndefu ya kumtaka atubu.

"Nilikuwa nataka kutoka kwenye kundi leo," akasema.

Nikamwambia mwanangu, nakuomba, usitoke. Maana mimi ndiye nilikuwa admini peke yangu. Akitoka, uadmini unamwangukia mtu yeyote aliyemo, na kundi la wateja wangu lingebaki kwa mtu ambaye labda naye anauza dagaa.

Alikuwa kijana mwenye malezi. Akaingiza namba yangu ya mawese kwenye kundi, akanipa uadmini, ndipo akatoka. Kazi ikabaki ya kuwaaminisha watu. Maandishi yeyote anaweza kuandika, na "nimebadilisha namba" ndiyo sentensi ya kwanza ya kila tapeli. Nikarudi Kibirizi kesho yake asubuhi, nikasimama kwenye chanja dagaa wakiwa bado wanang'aa, nikajirekodi video fupi: naitaja siku, nanyanyua dagaa kwa mkono, nawaambia nipigieni simu ya kawaida msikie sauti yangu kabla hamjatuma hata senti. Walipiga. Siku ile sikula mchana.

Waliokuwa kwenye kundi niliwapata. Wale niliokuwa nachati nao mmoja mmoja bila kuwahifadhi kwenye simu, wengi walipotea. Kuna mama wa Tunduma alikuwa anachukua gunia tatu kila mwezi. Jina lake halimo popote. Mpaka leo sijampata.

Sasa nilivyojipanga. Nilianza na laini yenyewe. Nilibonyeza *106# kuona namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yangu, nikakuta na moja niliyoinunua kwenye mkutano wa hadhara nikaisahau, nikaenda kuifuta. Namba zangu tatu, na ile mpya ya dagaa ikiwemo, zote sasa ni kwa jina langu. Hakuna laini inayolala kwenye kopo: zote ziko ndani ya simu, na tarehe mosi ya kila mwezi kila moja inawekewa vocha na kupigiwa simu moja. Shilingi mia tano ukilinganisha na gunia la dagaa, mtajaza wenyewe.

Simu ni mbili. Kubwa ina laini mbili: WhatsApp ya kawaida ni ya nyumbani, WhatsApp Business ni ya dagaa. Hizi ni programu mbili tofauti, zote za bure, na kila moja inataka namba yake. Tangu mwishoni mwa 2023 kwenye Android unaweza hata kuongeza akaunti ya pili ndani ya WhatsApp ile ile, kwa hiyo hakuna sababu ya kupakua zile za pembeni zisizotoka Play Store. Mpwa wangu aliwahi kuniwekea moja ya hizo, akaunti ikafungiwa kwa muda, tukajifunza wote. Mawese na ng'ambo viko kwenye simu ndogo. Ningeweza kuvipakia vyote kwenye moja, lakini simu moja ikidondoka ziwani (imeshatokea) nisiwe bubu kabisa.

Kila akaunti ina PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, tarakimu sita, na barua pepe ya kuiweka upya nikiisahau. PIN isingeniokolea namba yangu, maana laini haikuwa tena yangu. Lakini ingemsimamisha yule kijana hadi siku saba kabla hajaingia. Na pale ambapo anayetaka kuingia ni mwizi kweli, PIN ndiyo mlango. Tarakimu za uthibitisho sizisomi kwa mtu, hata ajitambulishe kama nani, hata awe analia.

Kitu kilichonishtua kuliko vyote nilikikuta nilipofungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne mbali na simu yenyewe. Mimi nilitegemea kimoja, simu ya binti anayenisaidia dukani. Nikakuta na kompyuta. Nikawaza sana, nikakumbuka: steshenari moja Mwanga, hapa hapa Kigoma, siku niliyotaka kuchapa risiti haraka, kijana akasema "mama skani tu hapa", nikaskani, nikachukua karatasi zangu nikaondoka. Tangu siku ile mazungumzo yangu yote, bei zangu, namba za wateja, vilikuwa vinajifungua kwenye kompyuta ya watu. Sidhani kama kuna aliyevisoma. Niliitoa pale pale, na siku hizi karatasi ya kuchapa naituma kwa barua pepe. Binti wa dukani anajibu wateja kwa simu iliyounganishwa, lakini PIN haijui, na siku akiacha kazi nitamtoa kabla hajafika barabarani. Kaelewa, wala hakununa.

Namba za wateja ziko kwenye kauntabuku. Jina, mji, anachukua nini, jina linalotokea akituma hela. Mwanangu ananicheka, anasema mama hii ni karne gani. Nakala rudufu pia naweka, na inajihifadhi usiku, lakini kauntabuku haliombi nywila.

Yule kijana wa Morogoro nilimpelekea dagaa kilo mbili kwa basi, za shukrani. Wiki iliyofuata akapiga, sauti ya aibu kidogo: wenzake wa hosteli wamekula wote, wanauliza bei. Sasa anachukua kilo kumi kila mwezi, anawauzia kwa vipimo vya glasi. Nimemwekea lebo yake kwenye WhatsApp Business, ya kijani. Jumamosi iliyopita ameandika tena, kwa namba ambayo zamani ilikuwa yangu: "Mama, nitume kwenye namba ile ile?"

Nikamjibu kwa sauti, aisikie: tuma kwenye lipa namba, na usibonyeze kabla hujaliona jina langu.