Jinsi nilivyorudisha mng'aro wa vishikio vya shaba kwenye kabati la zamani

Vishikio vya kabati langu la zamani, vilivyotengenezwa kwa shaba ya manjano, vilikuwa na mabaka meusi yaliyochanganyikana na sehemu za rangi ya dhahabu. Nilijaribu limau na chumvi, kisha dawa ya kung'arishia metali. Sehemu chache ziling'aa, nyingine hazikubadilika hata kidogo.

Jibu nililipata nyuma ya kishikio kimoja, ambako ukucha wangu uliinua ganda jembamba, angavu, lenye umanjano. Lilikuwa vanishi ya zamani: hewa ilikuwa imepenya kwenye nyufa zake na kuifanya shaba iwe nyeusi, huku dawa yangu ikiishia juu ya vanishi bila kuigusa metali yenyewe.

Kwanza nilivijaribu vishikio kwa sumaku, nayo haikunasa; ingenasa, huenda ndani kungekuwa na chuma kilichopakwa tabaka la shaba, na tabaka hilo huisha upesi likisuguliwa. Kisha nilivifungua vyote, maana asetoni, kimiminika kinachoyeyusha vanishi, huharibu pia vanishi ya mbao, nikavifuta kwa kitambaa chenye asetoni, nikiwa na glavu, madirisha yakiwa wazi na bila moto karibu, hadi kitambaa kilipoacha kuchukua umanjano. Hapo ndipo dawa ileile niliyokuwa nimeikatia tamaa ilipofanya kazi kwa dakika chache. Mwishoni niliviosha, nikavikausha kabisa, hata ndani ya matundu ya skrubu, nikavipaka nta kidogo na kuvirudisha mahali pake.