Safari ya Batié, alikokulia Ngannou

Basi liliondoka Bonabéri, ng'ambo ya mto Wouri, jiji la Douala likiwa bado gizani. Abiria waliposikia ninashukia Batié waliuliza kama nina ndugu huko. Nikasema sina, naenda kuona alikokulia Francis Ngannou, mpiganaji wa MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Kuanzia hapo nikawa mgeni wa basi zima.

Penja na Njombé ni joto, migomba na wauza mananasi wanaokimbilia madirishani. Ukishapita Bafang barabara inapanda na kujikunja, na karibu na Batié ukungu unaingia hadi ndani ya gari. Watu wakatoa masweta. Hizi ni nyanda za juu za Magharibi mwa Kameruni, nchi ya Wabamileke.

Nilitaka kuanza na machimbo. Ngannou alizaliwa Batié mwaka 1986, na alikuwa bado mtoto alipoanza kuchimba mchanga ili apate ada ya shule. Kila shabiki wake anaijua habari hiyo, lakini kuisikia ni jambo jingine na kusimama pale ni jambo jingine. Vijana wako shimoni, lori limeegeshwa ukingoni, bodi lake juu kuliko vichwa vyao. Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Beleshi likishazama, mikono haina kazi kubwa: magoti yanakunjika, kiuno kinazunguka, na mchanga unapita juu ya bega hadi ndani ya lori. Uzito wote unatoka nyayoni. Anavuta pumzi, anazamisha tena.

Hapo ndipo ilinijia ile ngumi ya kushoto iliyomlaza Alistair Overeem kule Detroit, Desemba 2017. Ilianzia chini, kiuno kizima kikiwa nyuma yake, na ilipofika kidevuni pambano likawa limekwisha. Watu husema nguvu ile ni kipaji tu, amezaliwa nayo. Mwili mkubwa amezaliwa nao, sawa. Lakini mimi nimeyaona yale magoti yakifanya kazi, na sitakubali tena kwamba ni kipaji peke yake.

Tena pambano ninalolipenda kuliko yote, lile la Ciryl Gane, halina hata KO, yaani hakuna aliyelazwa. Januari 2018 Stipe Miocic alimchosha kwa mieleka raundi tano, na wengi wakaona siri yake imefichuka. Machi 2021 akarudi kwa Miocic huyo huyo, akamlaza raundi ya pili na kuchukua mkanda wa ubingwa. Kisha Januari 2022, goti likiwa limeumia, raundi mbili za kwanza zikimwendea vibaya mbele ya Ciryl Gane, akafanya nini? Akaanza yeye kupiga mieleka. Akambeba Gane, akamtupa chini, akashinda kwa pointi. Mtu aliyeshindwa kwa silaha fulani alikwenda akajifunza silaha hiyo hiyo. Ningependa kila mpiganaji chipukizi aliangalie pambano lile polepole, hasa raundi ya nne.

Taasisi yake imejenga gimu hapa Batié. Niliwakuta watoto wakipigana na mifuko ya mazoezi, wengine pekupeku, na mmoja wa kiasi cha miaka kumi akanionyesha jinsi ya kukunja ngumi bila kuumiza kidole gumba. Alinirekebisha mara mbili, kwa ukali. Ngannou mwenyewe alianza ndondi akiwa na miaka 22, bila kitu kama hiki karibu naye. Mwaka 2012 aliondoka, akapita jangwani hadi Moroko, akavuka bahari, akawekwa kizuizini Uhispania, na Paris akalala kwenye maegesho ya magari. Furaha niliyoipata kuwaona wale watoto siwezi kuieleza vizuri.

Jioni nikapata nafasi kwenye gari la kwenda Bafoussam. Dereva akataka kujua nasemaje kuhusu Riyadh, Oktoba 2023, dhidi ya Tyson Fury. Nikamwambia: mtu aliyekuwa akipigana ndondi za kulipwa kwa mara ya kwanza alimwangusha bingwa wa dunia raundi ya tatu, na majaji waligawanyika, mmoja akampa yeye ushindi. "Mmoja tu?" mama aliyekaa nyuma akadakia. "Wale wawili walikuwa wanaangalia nini?" Tukabishana hadi Bafoussam, wote tukiwa upande mmoja.