Swali la Baba Mkubwa kuhusu rubani

Ni Jumapili usiku, na swali alilonitupia Baba Mkubwa Jumamosi ya wiki iliyopita halijanitoka. Katikati hapa mitihani ya majaribio ya kidato cha sita imekwisha, mdogo wangu ametolewa mahari, lakini mimi nimebaki pale pale kibarazani, karatasi mapajani, nikitafuta jibu ambalo nilipaswa kuwa nalo.

Nilikuwa nikimsomea maelezo niliyoyaandaa kwa klabu ya historia, juu ya jaribio la Marekani la kuwaokoa mateka wake Tehran, tarehe 24 Aprili 1980. Niliyaandika kwa fahari, kwa kuwa nilidhani nimekusanya kila kitu. Nilieleza kwamba helikopta 8 ziliruka kutoka kwenye meli ya Nimitz, ndege za Jeshi la Majini ambazo marubani wake wengi walitoka Marine, tawi la jeshi la askari wanaopigana wakitokea baharini. Kwamba ndege za C-130 za Jeshi la Anga zilibeba mafuta, pamoja na makomando wa Delta wa jeshi la nchi kavu chini ya Kanali Charles Beckwith. Na kwamba wote walipangiwa kukutana gizani katika jangwa la Iran, mahali walipopaita Desert One. Njiani helikopta zilipita ndani ya vumbi zito, sita tu zikafika, moja kati ya hizo ikaharibika mfumo wa haidroliki, zikasalia tano ilhali mpango ulihitaji sita. Safari ikavunjwa. Wakati wa kujiandaa kuondoka, helikopta moja iliigonga C-130, moto ukawaka, watu 8 wakafa. Nikamalizia kwa kusema kwamba vumbi ndilo lililowashinda.

Baba Mkubwa, ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba alikuwa mtu wa redio jeshini na alikwenda Vita vya Kagera akiwa kijana, alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, yule rubani alimjua mtu aliyekuwa akimpa amri pale chini?"

"Bila shaka walikuwa na kamanda wao, Baba Mkubwa."

"Sikuuliza kama kamanda alikuwepo. Nimeuliza kama rubani alimjua."

Nikasema chai inapoa.

Kinachoniuma ni lile neno "bila shaka". Kila mwaka ninalikata kwa kalamu nyekundu katika insha za wanafunzi, kwa sababu mara nyingi mtu huliandika pale ambapo hakusoma. Nimelisema mimi, mbele ya mzee aliyenisomesha, na nimewafundisha vijana kwa miaka sita kwamba kosa lilikuwa la vumbi.

Jumanne usiku nilirudi kwenye matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Admirali James Holloway, nikayasoma upya huku lile swali likiwa masikioni. Mkuu wa operesheni nzima, Meja Jenerali James Vaught, alikuwa Misri. Pale jangwani Kanali James Kyle wa Jeshi la Anga alisimamia uwanja, Beckwith alikuwa na makomando wake, na helikopta zilikuwa na kiongozi wao. Kikosi chote kilikuwa kimeundwa kwa kazi hiyo moja, kikifanya mazoezi kwa mafungu katika sehemu mbalimbali ili siri isivuje, na hakikuwahi kufanya zoezi kamili la pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wachunguzi walibainisha kwamba msimamizi wa pale chini hakutambulika kwa urahisi, na kwamba amri zilizotolewa gizani zilitiliwa shaka na watu wasiomjua aliyezitoa.

Niliposoma hapo aibu iliniachia, nikashikwa na huzuni. Nilifikiri injini zilivyokuwa zikinguruma, mchanga ukirushwa na mapangaboi, na mtu usiyemfahamu anakujia mbio akipiga kelele. Waliokufa walikuwa 5 wa Jeshi la Anga na 3 wa Marine, watu wa matawi mawili katika moto mmoja. Wamarekani walijifunza kwa gharama hiyo: Desemba 1980 walianzisha kamandi ya kudumu ya operesheni maalumu za pamoja, jeshi la nchi kavu likajenga kikosi chake cha helikopta za usiku ambacho baadaye kilikuja kuitwa cha 160, na mwaka 1987 vikosi maalumu vya matawi mbalimbali vikawekwa chini ya kamandi moja huko Tampa, Florida. Mimi nathamini zaidi neno "kudumu" kuliko neno "pamoja". Watu walikuwa wameshawekwa pamoja kule jangwani. Walichokosa ni miaka ya kufanya mazoezi bega kwa bega, hadi rubani amtambue kwa sauti anayemwita.

Maelezo ya klabu nimeyaandika upya, na lile "bila shaka" halimo.

Alhamisi, kabla sijamwambia lolote, Baba Mkubwa alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, yule rubani alimjua mtu aliyekuwa akimpa amri pale chini?" Nilidhani ananikumbusha deni langu, nikaanza kumweleza niliyoyasoma. Akanisikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akauliza ni lini nitakwenda kumsomea yale maelezo, kwa kuwa bado hajayasikia.

Kesho nikitoka darasani nitapitia kwake. Sijamwambia mtu yeyote nyumbani.