Riba ya akaunti ya akiba: usiishie kwenye asilimia ya tangazo

Naona watu wakitaka kufungua akaunti ya akiba, ile ya kutoa hela muda wowote siyo ile ya kufungia mwaka mzima, wanacheki tangazo la benki hii, wanacheki la benki ile, huyu anatoa 6% yule 4%, basi wa 6% kashinda, mjadala umefungwa. Mi nasema hapana bana. Kwa hizi akaunti ambazo hela inaingia na kutoka, asilimia siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni riba inapigwa kwenye salio lipi.

Hili ndo hawaulizi kabisa na ndo lenye hela yenyewe. Kuna benki zinapiga riba kwa salio la kila siku, yaani kila siku inapofungwa mfumo unaangalia una kiasi gani, unakuhesabia kariba ka siku hiyo, mwisho wa mwezi vinajumlishwa unawekewa. Kuna nyingine zinaangalia salio la chini kabisa ulilofikia ndani ya mwezi, na riba ya mwezi mzima inapigwa kwa hilo tu. Sasa chukua mwezi wa siku 30, una milioni moja, imekaa siku 27 hujaigusa, tarehe 28 ukatoa laki tisa kwa shughuli zako, ikabaki laki moja mpaka mwezi unaisha. Riba ni 6% kwa mwaka, kwa hiyo nusu asilimia kwa mwezi. Benki ya salio la chini inakupa 500. Mia tano! Zile siku 27 zote ni kama hazijawahi kuwepo. Benki ya salio la kila siku inachukua wastani wako wa mwezi, ambao ni 910,000, inakupa 4,550. Asilimia ileile, mtu yuleyule, hela ileile.

Na hata hii ya pili ingekuwa inatoa 3% tu bado ungepata 2,275, mara nne na ushee ya ile ya 6%. Ndo maana nikiona mtu ananitumia picha ya tangazo lenye tarakimu kubwa la rangi nashindwa hata kujibu, kwa sababu kwa mtu anayechota chota tangazo hilo halisemi chochote. Kama hela yako ikiingia haitoki basi sawa, kwako tofauti itakuwa ndogo, lakini hapo nami nitakuuliza kwa nini hujaiweka kwenye akaunti ya muda maalum ambayo kawaida ndo inalipa zaidi.

Jibu huwa liko kwenye vigezo na masharti, mara nyingi sentensi moja tu huko chini. Usipoliona waandikie kastama kea hivi hivi: "riba inakokotolewa kwa salio la kila siku au kwa salio la chini la mwezi?" Ukijibiwa "riba yetu ni nzuri sana mpendwa mteja" uliza tena.

Halafu kuna hii ya "riba kila siku". Angalia vizuri hapo maana maneno hayo yanabeba vitu viwili. Kuhesabiwa kila siku ni hicho nilichoeleza juu, na kina maana kubwa. Kuwekewa kila siku ni kitu kingine, kwamba kile kiriba kinaingia kwenye salio leo na kesho nacho kinaanza kuzaa. Inasisimua ukiona salio limesogea kila asubuhi kwenye simu, lakini piga hesabu uone: milioni moja kwa 6%, ukiwekewa mara moja kwa mwaka unapata 60,000, ukiwekewa kila mwezi na ukaiacha humo unapata kama 61,678, na hata wakuwekee kila sekunde hutavuka 61,837. Yaani kutoka kila mwezi mpaka kila sekunde umeongeza 159. Mswisi mmoja mtaalamu wa hesabu, Jacob Bernoulli, alishalichimba hili mwaka 1683, akaona kwamba hata riba ingekuwa 100% na ungegawanya mwaka vipande vidogo kiasi gani, moja yako uliyoweka, mwisho wa mwaka haifiki hata 3, na baadaye ikajulikana inaishia 2.718 na vijisenti vyake. Kwa hiyo ukisikia benki inajisifia kuweka riba kila siku, pongeza kidogo halafu endelea na maswali mengine.

Ila hiyo tofauti ndogo inatosha kuzigeuza benki mbili zinazokaribiana. 5.9% inayowekwa kila mwezi inakupa 60,622 kwa ile milioni, imeipita 6% ya mwisho wa mwaka. Kwa macho huwezi kuliona hilo, ndo maana nchi nyingine zimeweka namba moja ya kulinganishia: Marekani wana APY, iliyoletwa na sheria yao ya mwaka 1991 ya ukweli kwenye akiba, Uingereza wana AER. Zote zinasema kitu kimoja, ukiweka hela ukaiacha mwaka mzima na riba humohumo, mwisho umepata asilimia ngapi. Kama benki yako inataja namba ya namna hiyo, linganisha kwa hiyo. Kama haitaji, uliza wanaweka riba mara ngapi kwa mwaka halafu upige mwenyewe, kikokotoo cha simu kinatosha.

Ofa za wateja wapya nazo. 7% kwa miezi mitatu ya kwanza halafu inashuka 3%, na ile 3% imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Ukikaa nao mwaka mzima wastani wako ni kama 4%, kwa hiyo jirani yake anayetoa 4.5% bila mbwembwe anamshinda. Mi sina ugomvi na ofa, chukua, ila weka alamu ya siku inayoisha na siku hiyo uhame kweli, maana benki zinajua wengi hawahami.

Ngazi za salio ndo zinachanganya zaidi. Unaambiwa chini ya milioni 2%, kuanzia milioni 4%, we una milioni na laki mbili unajiona uko kwenye 4%. Inategemea! Benki moja inakupa 4% kwa hela yote, hiyo ni 48,000 kwa mwaka. Nyingine inakupa 2% kwa milioni ya kwanza na 4% kwa ile laki mbili ya juu tu, 20,000 jumlisha 8,000, jumla 28,000. Tangazo la aina zote mbili linaandikwa "mpaka 4%" na hilo neno "mpaka" linafanya kazi kubwa sana hapo.

Makato sitaongea sana. Ada ya 1,000 kwa mwezi ni 12,000 kwa mwaka, na laki tatu kwa 4% inazaa 12,000, kwa hiyo umeiwekea benki hela bure. Kodi nayo, ikikatwa 15% ya riba basi 6% yako ni 5.1%. Linganisha zote baada ya kodi au zote kabla, usichanganye.

Na hilo neno "muda wowote" nalo lipime. Kuna akaunti zinaitwa za kutoa muda wowote lakini ukitoa zaidi ya mara kadhaa riba inashuka, au mwezi uliotoa hupati kitu. Marekani walikuwa na kanuni kabisa iliyoweka kikomo cha mara sita kwa mwezi kwa aina fulani za kutoa na kuhamisha hela kwenye akaunti za akiba, Benki Kuu yao ikaiondoa Aprili 2020, ila benki zikaachiwa ziamue zenyewe kama zinaendelea nayo. Kama hii ndo hela yako ya dharura, masharti ya kutoa ni mazito kuliko nusu asilimia, maana dharura haihesabu umeshatoa mara ngapi.

Kingine, riba hizi zinaelea. Leo 5%, mwezi ujao wanakutumia meseji. Na huwa zinapanda kwa mguu wa kobe na kushuka kwa mguu wa sungura, sijui kwa nini haijawahi kuwa kinyume (najua kwa nini). Uingereza riba ya Benki Kuu ilitoka 0.1% Desemba 2021 ikafika 5.25% Agosti 2023, wenye akiba wakalalamika kwamba mikopo inapanda haraka na akiba inajikongoja, mpaka msimamizi wa mambo ya fedha kule, FCA, Julai 2023 akatoa mpango wa mambo 14 wa kuzibana benki. Kwa hiyo ukiilinganisha benki usiangalie riba ya leo tu, uliza ilikuwaje mwaka uliopita. Benki iliyowahi kupandisha bila kusukumwa inanivutia kuliko iliyofika kileleni wiki hii.

Na ukiona moja imewazidi wenzake wote kwa mbali sana jiulize hela za kulipa riba hiyo inazitoa wapi. Landsbanki ya Iceland ilianzisha Icesave Uingereza mwaka 2006, akaunti ya mtandaoni, unatoa utakapo, riba ya juu, watu zaidi ya laki tatu wakaweka. Oktoba 2008 benki ikaanguka na hela zikagoma kutoka. Serikali ya Uingereza ndo ikaingilia kuwalipa wenye akaunti za kawaida, na kesi dhidi ya Iceland ikaburuzwa mpaka 2013. Kabla ya riba angalia benki iko chini ya bima ya amana ya nchi ipi na inafidia mpaka kiasi gani kwa mtu kwa benki: Umoja wa Ulaya ni euro 100,000, Marekani dola 250,000, na kwako kuna namba yake kwenye tovuti ya bodi ya bima ya amana au benki kuu. Ukiizidi hiyo namba gawanya benki mbili hata kama ya pili inalipa kidogo chini.

Halafu kabla hujahama, zidisha. Nusu asilimia kwa laki tatu ni 1,500 kwa mwaka. Kama kuhama ni kujaza fomu kwenye simu dakika kumi, hama. Kama ni kupanga foleni, barua ya utambulisho na picha mbili za pasipoti, mi kwa 1,500 siendi, ila kutoka salio la chini kwenda salio la kila siku naenda hata na mvua.