Kovu la Begani

Daktari hakuanza na matiti. Nilikuwa nimekwenda kuomba upasuaji wa kuyapunguza, na nilikuwa nimejiandaa kwa aibu hiyo: asubuhi nimeoga mara mbili, nimevaa sidiria mpya. Lakini yeye alivuta kiti, akaniomba nishushe nguo begani, akaanza kupapasa kovu la chanjo ya kifua kikuu niliyochomwa nikiwa mchanga. Alilibonyeza kwa kidole gumba. Akainama akalitazama kwa upande, kama mtu aliyepewa sarafu asiyoiamini.

"Huwa linawasha?"

"Zamani. Siku hizi mara mojamoja."

"Limekua?"

Sikuwahi kujiuliza. Lilikuwepo tu, limevimba, linang'aa, ukubwa wa kifungo cha shati. Akauliza kama mama yangu ametoboa masikio. Ametoboa, nikamwambia, ila sikio la kushoto havai hereni kwa sababu nyuma ya ndewe kuna kinundu kigumu. Daktari aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa habari ya hereni.

Ndipo akanieleza. Kovu la kawaida hubaki pale kidonda kilipoishia. Keloidi haibaki, inavuka, inapanda kwenye ngozi ambayo haikuguswa na kisu. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, na yenyewe ina mahali inapopenda: ndewe za masikio, mabega, na katikati ya kifua. Ukiikata bila tiba nyingine, mara nyingi inarudi, na pengine inarudi kubwa kuliko ya kwanza. Alichukua kalamu akachora titi kwenye karatasi, kisha mistari mitatu: mmoja kuzunguka weusi wa chuchu, mmoja kushuka chini, na mmoja mrefu kwenye mkunjo wa chini. Ilitokea nanga.

"Ncha hii," alisema, akigusa ile inayoelekea katikati ya kifua, "ndiyo itakayonikosesha usingizi. Wewe nenda kafikirie. Rudi baada ya miezi mitatu, au usirudi."

Nilikuwa na miaka 34. Matiti yangu yalianza nikiwa na 11, na kufikia 14 nilikuwa nimeacha kukimbia. Sitayasema yote, mwanamke mwenye mwili kama wangu anayajua, na asiyekuwa nao atadhani natia chumvi. Mikanda ya sidiria ilichimba mifereji mabegani, mifereji ambayo haiondoki hata ukivua. Chini ya matiti palikuwa na harara ya kudumu. Shingo iliuma hadi kichwa kikauma. Kazini nilikuwa na tabia moja ya siri: nikiwa peke yangu naegesha matiti juu ya meza, nashusha pumzi, naandika hivyo hivyo. Siku moja mwenzangu alifungua mlango bila kubisha. Nilinyanyuka kama niliyeshikwa na wizi. Yeye hakuona kitu, au alijifanya hakuona, akaomba stepla akaenda zake.

Kwenye fomu, penye mstari wa sababu za kuomba upasuaji, niliandika: maumivu ya mgongo na shingo. Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa kweli yote. Nilikuwa na picha za miaka kumi, za harusi, mahafali, ubatizo wa watoto wa watu, na katika kila moja nimeshika mkoba mbele ya kifua. Hata zile ambazo wenzangu wote wameweka mikoba yao chini. Hakuna mstari wa mikoba kwenye fomu ile.

Hilo ndilo lililonisumbua ile miezi mitatu kuliko hata keloidi. Ningekuwa naenda kwa mgongo tu, ningeenda kifua mbele (samahani kwa msemo). Ningekuwa naenda kwa urembo tu, labda ningeona haya nikaacha. Nikawa nasoma usiku. Nikakutana na habari za Jacques Joseph, daktari wa Berlin, ambaye mwaka 1896 alimfanyia upasuaji mtoto mmoja aliyekuwa akidhihakiwa shuleni kwa masikio yake makubwa. Upasuaji ulifanikiwa, naye akafukuzwa kazi: ati amemkata mtu asiyeumwa. Ikaja vita kuu ya kwanza, na mtu yuleyule akawa anatengeneza nyuso za askari zilizosagwa na risasi, na hapo hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nilirudia habari hiyo mara nyingi nikitaka kujua mimi ni yupi, yule mtoto au askari. Sikupata jibu, ila nilijikuta nampenda zaidi mtoto.

Mama nilimwambia mwezi wa pili. Nilifanya kosa la kumwambia kwa simu.

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Hayo ni ya bibi yako."

"Najua, mama."

"Mimi nimeyabeba. Nimenyonyesha wanne. Sijafa."

Halafu akaja na la plastiki. Alikuwa amesikia kwamba huo unaitwa upasuaji wa plastiki, kwa hiyo wataniwekea plastiki, na plastiki hupasuka ndani ya mtu. Nilijitahidi kumweleza kwamba neno hilo ni la Kigiriki, maana yake kufinyanga, na ni la kale kuliko ndoo zake zote. Kwamba vile vifuko vya silikoni, vilivyoanza kutiwa wanawake mwaka 1962 huko Texas, ni vya kuongeza, mimi napunguza. Alinisikiliza kwa adabu ile inayotisha. "Haya mwanangu," akasema. Baada ya hapo wiki tatu nzima akawa ananijibu kwa neno moja moja.

Nilichelewa sana kuelewa alichokisikia siku ile. Mama ana kifua kilekile. Mikanda ilimchimba palepale. Mimi nilidhani namweleza habari za mgongo wangu, kumbe nilikuwa namwambia, yeye aliyenipa huo mwili na bado anaishi ndani yake, kwamba ni mwili wa kupeleka kwa kisu.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi. Sikuwa nimeamua kwa mwanga wowote mkubwa. Niliamka siku hiyo, shingo ikiuma, nikakumbuka ile meza ya kazini. Kama hiki kingekuwa kitu cha urembo tu, nisingekuwa nakitafutia mahali pa kukilaza. Hoja yenyewe ina mashimo, naijua, lakini ndiyo niliyoondoka nayo nyumbani.

Kabla ya upasuaji daktari alinichora nikiwa nimesimama wima, kwa sababu mtu akilala matiti huhama na alama zinakuwa za uongo. Alitumia kalamu ya wino mzito na futi ya kushonea. Alichora, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akafuta, akachora tena. Fundi cherehani mtupu. Akarudia onyo ambalo tayari nilikuwa nimelitia saini: chuchu zinaweza kufa ganzi, nikizaa huenda maziwa yasitoshe au yasitoke, titi moja linaweza kuzidi jingine, na lile kovu. "Bado unataka?" Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka nyembamba.

Nusu kaputi sina la kuisimulia. Nilihesabu mpaka nne.

Nilipozinduka, kabla ya maumivu, kabla ya kuona ile mirija miwili iliyotoka ubavuni ikichuruza damu kwenye vichupa, nilisikia pumzi. Hewa iliingia mpaka chini kabisa. Nilikuwa nimelala chali na hakuna kilichonikalia. Nikaanza kulia, na muuguzi akaniongezea dawa ya maumivu akidhani ndiyo sababu.

Walitoa gramu 640 kulia na 710 kushoto.

Mama alikuja kuniuguza. Hakuombwa, alikuja. Kwa kuwa sikuruhusiwa kuinua mikono wala kubeba kitu kizito kwa wiki sita, alinikosha nywele, akanifunga vifungo, akaninyooshea mito ya kulalia nusu kuketi. Bandeji hakuzitazama hata siku moja. Zikibadilishwa, anakumbuka kitu jikoni.

Wiki ya pili mshono wa kulia uliachia, pale nanga inapokutana, mstari wa kushuka unapogusa wa chini. Shimo la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, lenye ute wa njano. Nilijiona nimeadhibiwa. Daktari akaniambia pale ndipo mishono huvutwa zaidi, na ndipo huachia mara nyingi; ni kusafisha na kufunga tu. Lilichukua wiki tano kujaa nyama.

Kisha zikaja siku nzuri, na sitazipunja kwa sababu tu zilifuatiwa na nyingine. Nililala kifudifudi. Nilipanda ngazi mbio bila kujikumbatia. Nilinunua sidiria ya kamba nyembamba, nikaivaa nyumbani siku nzima bila kumwonyesha mtu. Waliokutana nami walisema "umepungua, unaumwa?" na wengine "umependeza, umefanya nini?", na hakuna hata mmoja aliyejua ni nini kimepungua. Jambo la ajabu ni kwamba mabega yangu hayakupata taarifa. Uzito ulikuwa umeondoka lakini niliendelea kutembea nimejikunja, nikilinda kitu ambacho hakipo. Mtaalamu wa viungo alinihangaikia miezi minne, ananisimamisha ukutani kama mtoto mtundu. Na kwenye picha ya kwanza niliyopigwa baada ya kupona, harusini, nimeshika mkoba mbele ya kifua.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, kovu likaanza kuwasha. Titi la kushoto, ncha ya ndani, palepale alipogusa na kalamu. Nilijiambia ni jasho. Nikajiambia ni sabuni. Siku niliyoamua kuangalia vizuri kwenye kioo, ule mstari ulikuwa umeshakuwa kamba, na mwisho wake ulikuwa umevuka mpaka na kupanda kwenye ngozi nzima, mwekundu kwenye weusi, unang'aa kama lile la begani.

Daktari hakusema nilikuambia. Alichukua sindano. Dawa ni ya steroidi, inachomwa ndani ya kovu lenyewe, na kovu ni gumu, halitaki kupokea. Unamwona daktari akisukuma kwa nguvu za mkono wote na dawa inaingia tone kwa tone. Kisu sikukisikia. Sindano hizo nilizisikia zote saba, kila baada ya wiki tano au sita, na kati yake nilivaa plasta ya silikoni usiku na mchana. (Ndiyo, mama alipata silikoni yake mwishowe.) Kovu lililala. Limebaki na unene kidogo, na pembeni dawa imefubaza ngozi, doa jeupe lenye umbo la tone. Chuchu ya kushoto haisikii. Niligundua nikijikausha kwa taulo: upande mmoja taulo, upande wa pili habari tu kwamba kuna taulo.

Wachache wanaojua huniuliza kama najuta. Nimegundua jibu langu hutegemea kama ni wiki ya sindano.

Mwaka na nusu baadaye mama alikuja kunitembelea. Nilikuwa chumbani nikijipaka jeli ya makovu, mlango sikuufunga, naye akaingia na nguo alizokuwa amezikunja. Safari hii hakukumbuka kitu jikoni. Aliweka nguo kitandani, akavaa miwani, akasogea. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaweka kidole juu ya kile kinundu karibu na katikati ya kifua, akakibonyeza, na mkono wake mwingine nikauona ukienda wenyewe nyuma ya sikio lake la kushoto.

"Hili ni langu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Aliketi kitandani. Akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ile ya simu: ile nyama waliipeleka wapi? Nikamwambia huwa haitupwi hivi hivi. Hupelekwa maabara kwanza, inakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini, wasije wakapitiwa na saratani iliyojificha. Ripoti ninayo. Akaitaka.

Niliitoa kwenye bahasha. Nilimsomea kwa Kiswahili, maana imeandikwa kitabibu: uzito wa kulia, uzito wa kushoto, mafuta, tezi, hakuna dalili za saratani, tishu ya kawaida ya titi pande zote mbili.

"Rudia hapo mwisho."

"Tishu ya kawaida ya titi. Pande zote mbili."

"Ya kawaida," mama alisema. "Wameandika wenyewe?"

Nikamwonyesha mstari. Aliutazama kwa muda, ingawa hakuweza kuusoma. Kisha akaikunja ile karatasi mara nne, akaipangusa mkunjo kwa ukucha, akaitia kwenye mkoba wake.