Siku Mzee Alipojibu Ile Simu

Juzi mtoto wa kaka yangu alinipigia simu akiwa katikati ya kujaza maombi ya kazi, amekwama kwenye ile sehemu inayotaka majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. "Shangazi," akaniuliza, "nikimwandika msimamizi wangu wa sasa, si atawaambia habari za ED zangu?" Mwaka huu ameugua sana, na kila alipotoka hospitali alirudi kazini na ED nyingine, yaani karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi. Tulizungumza kwa kifupi kwa sababu muda wa kutuma maombi ulikuwa unamwishia, lakini swali lake halijanitoka, kwani ndilo lililoninyima usingizi mwaka 2016, nilipokuwa ninajiandaa kuacha kazi kwa yule wakala wa forodha.

Wanaonifahamu wanaukumbuka mwaka ule. Kikohozi kilichokuwa kikitibiwa kama mafua kilithibitishwa kwa kipimo cha makohozi kuwa ni kifua kikuu, nikaanzishiwa dawa za miezi 6: miwili ya mwanzo vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa nne, minne iliyofuata vyenye dawa mbili. Muuguzi wa kliniki alinitahadharisha mapema kwamba mkojo ungegeuka rangi ya chungwa ili nisije nikashtuka, akanieleza pia kwamba kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi za kumeza dawa bila kuruka, mgonjwa huwa haambukizi tena. Dawa zenyewe sikuzilipia, maana matibabu ya ugonjwa huo katika vituo vya serikali ni bure. Kilichopotea ni muda. Nilikuwa nimekonda, ngazi za ofisini zilinishinda, na daktari aliniongezea mapumziko zaidi ya mara moja.

Upande wa sheria sikuwa na wasiwasi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, zile 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari, na mwajiri wangu aliifuata bila mizozo yoyote. Hofu yangu ilianza nilipopata nafasi kwenye kampuni nyingine, wakasema kwamba kabla ya kunipa mkataba wangezungumza kwanza na niliyekuwa ninamfanyia kazi. Yule wa kupiga simu asingevisoma vyeti vyangu. Angesikia tu kwamba binti huyu kuna kipindi alikuwa haonekani kazini. Nami nilijua uzito wa habari hiyo katika kazi yetu, kwa sababu nyaraka za forodha zikilala mezani na muda wa kukaa bandarini bila malipo ukapita, kontena huanza kuhesabiwa gharama za kuhifadhiwa, na mteja hataki kujua ni nani aliyelazwa.

Simu hiyo ilipigwa nikiwa ndani ya ofisi ya Mzee, kama sote tulivyomwita mkuu wetu wa kitengo, nimempelekea mafaili ya makabidhiano. Alikuwa ameniambia, "Keti kwanza, mwanangu," huku akiendelea kukagua daftari la mahudhurio, lile kaunta buku kubwa ambalo kila asubuhi lilichorwa mstari mwekundu chini ya saini ya mwisho iliyowahi. Akapokea, akasikiliza, kisha akaifunika simu kwa kiganja na kuninong'oneza kwamba ni wale wenzangu wapya. Nilinyanyuka ili nitoke, akaniashiria nibaki. Akafungua kurasa za nyuma hadi akaifikia miezi yangu, nami kutoka upande wa pili wa meza niliweza kuusoma mwandiko wa katibu muhtasi ukiwa juu chini: "Mgonjwa", "Mgonjwa", "Mgonjwa", na baada ya hapo, kwa kuchoka kurudia, "Mg." ikashuka ukurasa mzima kwa wino mwekundu. Jina la ugonjwa halikuwamo. Mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza lisiandikwe, siku ile nilipompelekea cheti cha kwanza, akisema kwamba watu wa ofisini wana maneno.

Swali sikulisikia vizuri, lakini jibu lilinitosha kulijua. "Mahudhurio? Nitakuambia ukweli," alisema. "Kuna kipindi alikosekana kwa muda mrefu. Alikuwa na kifua kikuu. Ametibiwa, amemaliza dawa zote, na tangu aliporudi kazi yake haijawahi kulala. Mimi ningeweza, nisingemwachia."

Nilihisi joto likinipanda usoni. Maneno ambayo hata jirani zangu wa meza hawakuyajua yalikuwa yameshafika kwenye sikio la mtu nisiyemjua hata kwa sura. Mzee alikata simu, akalifunga daftari, akanitazama kwa furaha ya mzazi na kusema, "Nimekusemea vizuri." Nikamjibu, "Asante sana, Mzee," na shukrani hiyo ilitoka moyoni.

Barua ya ajira ilikuja. Mzee alinipa cheti cha utumishi, tukaagana kwa heri. Kule kupya, ofisa utumishi alinionyesha meza iliyokuwa kando ya dirisha, mbali kidogo na wenzangu, akaniambia kwamba pale hewa inapita vizuri. Huenda ulikuwa ukarimu tu, huenda ilikuwa tahadhari, sikuwahi kumuuliza.

Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na kutaka ridhaa ya mhusika kwa maandishi. Ninaifurahia, ingawa sina hakika kwamba ingenisaidia mimi wakati ule. Lile pengo kwenye daftari lisingefichika, na kama Mzee angejibu kwa kusitasita, yule wa upande wa pili angeweza kulijaza kwa dhana mbaya zaidi: uvivu, ulevi, utovu wa nidhamu. Kifua kikuu hutibika kikaisha, na pengine ndiyo sababu ukweli wa Mzee ulinifungulia mlango. Mwenye selimundu, ambaye maumivu yake hurudi msimu hata msimu, angeweza kusemewa kwa upendo uleule na bado akakosa kazi.

Ninaamini kwamba, angeniuliza kabla ya kujibu, ningemruhusu aseme yote aliyoyasema, jina la ugonjwa likiwemo. Nami nilikuwa nimeketi mbele yake, umbali wa meza moja tu.