Gololi ndani ya glisirini: mara nyingi kosa haliko kwenye stopwochi

Mnato wa glisirini, yaani jinsi inavyokinza kutiririka, hupimwa kwa kuangalia kasi ya gololi inayozama ndani yake. Gololi ya chuma ukiiachia humo, huongeza mwendo kwa kitambo kidogo tu, hata jicho halioni. Uzito wake ukishalingana na ukinzani wa kimiminika pamoja na nguvu inayoisukuma juu, inashuka kwa kasi ileile mpaka chini. Hiyo ndiyo kasi kikomo. Kwa kanuni ya mwanafizikia George Stokes ya mwaka 1851 ni 2r²g(ρ₁ − ρ₂) ÷ 9η, ambapo r ni nusukipenyo cha gololi, g mchapuko wa mvutano wa dunia, ρ₁ densiti ya chuma (7,800 kg/m³), ρ₂ ya glisirini (1,260) na η mnato.

Tumia silinda ya mililita 500. Zungushia raba mbili zilizoachana sm 20, ya juu ikiwa sm 5 chini ya uso. Pima kipenyo cha gololi kwa mikromita, kisha ichovye kwanza kwenye glisirini, maana ikiingia kavu hubeba viputo vya hewa vinavyoipunguzia mwendo. Iachie katikati kabisa, jicho likiwa usawa wa raba. Gololi ya kipenyo cha mm 2 kwenye nyuzi 25 huchukua takriban sekunde 13.

Mnato uliokokotoa kutokana na kasi hiyo ukikataa kulingana na wa kwenye jedwali, wengi hulaumu kidole kilichobonyeza stopwochi. Tazama kipimajoto kwanza! Mnato wa glisirini safi ni kama 1.4 Pa·s (paskali-sekunde, kizio cha mnato) kwenye nyuzi 20, lakini kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la maabara ya Dar es Salaam, unabaki kama 0.6. Ukilinganisha jibu lako na jedwali la nyuzi 20, umejionea bure. Maji nayo ni adui: asilimia 5 tu hushusha mnato chini ya nusu, na glisirini hufyonza unyevu hewani. Silinda iwe kavu kabisa, chupa ifunikwe.

Halafu kuna ukuta wa silinda. Kipenyo cha ndani kikiwa mm 50, gololi ya mm 2 hucheleweshwa kwa karibu asilimia 8, ya mm 4 kwa karibu asilimia 14. Ndiyo maana grafu ya kasi dhidi ya r² hupinda kuelekea chini kwa gololi kubwa. Zidisha kila kasi kwa (1 + 2.1d/D), d kikiwa kipenyo cha gololi na D cha silinda, ndipo uchore mstari.

Maji yasitumike badala ya glisirini. Kwa gololi hiyo ya mm 2 kanuni itakupa karibu mita 15 kwa sekunde, ilhali kwa kweli haifiki hata mita 1, kwa sababu maji huvurugika nyuma yake.